Aliyeiba Majina ya Mama Zetu

Kariakoo nzima, mtu mzima akitaka kucheza gemu amekaa kwenye kiti chenye mgongo, feni inampepea, anakuja kwangu. Sijisifu, naeleza hali ilivyo. Wengine wana vibanda vya mabati, televisheni mbili na benchi la kukalia kwa zamu. Mimi nina ukumbi ghorofa ya pili, jirani na Mtaa wa Kongo, una mashine ishirini na nne, jenereta, na choo kinachotoka maji. Yote hayo kwa darasa la saba, tena darasa la saba la kwetu Rombo, ambako mwalimu wa hesabu akiona tumeanza kuelewa anatutuma majani ya ng'ombe wake. Leo wenye digrii wanapanda ngazi zangu na bahasha mkononi. Nawapa soda, nawaambia nitawapigia.

Watoto wa shule niliwakataa tangu siku ya kwanza, sitaki ugomvi na wazazi. Wateja wangu ni wauza maduka, madalali, vinyozi, watu wa mkokoteni. Mtu amesimama tangu alfajiri anawapimia watu vitambaa, saa saba anakimbilia kwangu, anapiga mechi mbili, anarudi dukani amechangamka. Ndiyo maana nikaanzisha ligi ya maduka. Wazo langu mwenyewe, sikuiga kwa mtu. Kila duka linaleta mchezaji mmoja, mechi zinachezwa saa saba hadi saa tisa mchana, bingwa anaondoka na mbuzi. Msimu wa kwanza watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na mama ntilie wa mtaa wa nyuma akahamishia masufuria yake mlangoni kwangu.

Msimu wa pili wakaingia mamluki. Duka la viatu likaleta mtu, likasema ni muuzaji wao, kumbe ametolewa Mbagala, kazi yake gemu tu, ukimuuliza bei ya ndala anatazama dari. Ngumi zikapigwa. Nikasema sawa, dawa yenu ninayo. Nikatoa amri: kila mchezaji alete kitambulisho cha taifa nikipige picha, aandikishe majina yake yote matatu, jina lake la kuchezea, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na duka analofanyia kazi. Bila hivyo hugusi pedi ya kuchezea. Mamluki waliisha siku hiyohiyo.

Likabaki tatizo la paswedi. Kila mchezaji alikuwa na akaunti yake, na akaunti hiyohiyo ndiyo aliyoingilia kwenye ile gemu ya mtandaoni ya kupigana risasi, ambayo watu wanacheza huku wanaongea kwenye hedfoni. Kila siku mtu anasahau paswedi, foleni inasimama, muda wa chakula unakwisha, lawama zinakuja kwangu. Ndipo nikabuni kitu nilichokiona cha akili kuliko vyote nilivyowahi kubuni. Niliwakusanya nikawaambia, kuanzia leo paswedi ya kila mtu ni jina la mama yake.

"Nani hapa atasahau jina la mama yake?" niliwauliza.

Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Mangi, wewe ungesoma ungekuwa waziri!" Mangi ndiyo mimi, ndivyo wanavyotuita wafanyabiashara tuliotoka Kilimanjaro. Nilikubaliana naye kabisa.

Aliyeyaingiza hayo yote kwenye kompyuta ni fundi wangu. Mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa Lindi, mtandio hautoki kichwani, maneno yake ya kuhesabu. Nilimkuta anatengeneza simu kwenye meza ya kukodi chini ya ngazi zangu, mafundi wanaume wamemsukumia kona isiyo na mwanga. Nikamshushia mashine iliyowashinda mafundi watatu. Aliifungua, akainusa, kweli aliinusa, akasema, "Imeungua hapa." Wiki hiyohiyo nikampandisha juu. Watu walinishangaa, fundi wa kike wa nini? Macho yangu hayakwenda shule ila yanaona.

Kila asubuhi alinisalimia, "Shikamoo bosi," nami marahaba, kisha kila mtu na kazi yake. Wateja walimzoea. Kulikuwa na jirani yetu wa duka la vitenge, pale chini, mchezaji wetu wa siku nyingi. Yule hakuwahi kumpita bila kusimama: "Dada yangu, umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Mtaa mzima ulimsifu kwa adabu. Hata mimi nilikuwa nikiwaambia wateja wangu wakorofi wakamtazame.

Kisha meseji zikaanza kuingia. Meseji za utapeli Bongo si habari, kila mtu ameshaambiwa atume ile hela kwenye namba hii. Lakini hizi zilikuwa nyingine. Zilimtaja mtu kwa majina yake matatu, tarehe aliyozaliwa, na duka analouzia. Zilimpongeza kwa ushindi wa gemu aliyoicheza jana yake. Watu wakawa wanaonyeshana simu, wanacheka, lakini kicheko chenyewe kikavu. Wengine wakaingia kwenye gemu wakakuta akaunti imeshikwa na mtu asiyejulikana, mabao ya miaka miwili yamekwenda.

Aliyeumia kweli ni bingwa wetu, mtu wa mkokoteni aliyechezea duka la vyombo. Jitu la Singida, vidole vinene, pedi ikimezwa na viganja vyake, lakini akianza kucheza unasahau kula. Siku moja alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa nesi. Alimtaja mama yake kwa jina, akasema amelazwa, hali mbaya, itumwe hela ya dawa haraka. Yule bwana alituma alichokuwa nacho, akauacha mkokoteni barabarani na sahani za watu juu yake, akapanda basi. Njia nzima, alivyosimulia baadaye, abiria wa pembeni alikuwa akimpa pole ya msiba. Kufika nyumbani akamkuta mama yake uani anapeta mtama, mzima, anamuuliza mbona umekonda.

Aliporudi alipanda ngazi zangu, hakukaa.

"Mangi, hela imekwenda, sawa," alisema. "Lakini jina la mama yangu hapa mjini nimelitamka sehemu moja tu. Kwako."

Nilimjibu kwa ukali, nikamwambia asiniharibie biashara, mimi nimejenga jina langu kwa jasho. Alinitazama, akashuka. Mtu mkubwa vile anashuka ngazi polepole, kila hatua naisikia. Niseme kweli, nilikuwa najibu vile kwa sababu tayari nilikuwa na wasiwasi.

Siku mbili baadaye meseji ikaja kwangu mimi mwenyewe. "Hongera ndugu," halafu majina yangu matatu, "mzaliwa wa," halafu tarehe. Nikaisoma mara mbili. Ile tarehe haikuwa yangu. Wakati wa kuandikisha ligi nami nilijiandikisha, mwenye ukumbi nisicheze nina kasoro gani? Kitambulisho sikujidai, nani atanidai? Na kwenye tarehe ya kuzaliwa nilijipunguzia miaka kumi, maana wale wachezaji walikuwa wanaanza kuniita mzee na mimi bado nina nguvu zangu. Uongo ule sikuuandika benki, wala kwenye leseni, wala kanisani. Ulikuwa kwenye orodha moja tu, ndani ya kompyuta moja, ambayo hufunguliwa na watu wawili. Mmoja ni mimi, na mimi hata kuiwasha naomba msaada.

Asubuhi iliyofuata nilimsubiri fundi kabla hatujafungua.

"Dada fundi, kaa."

"Kuna mashine imezima, bosi?"

"Kaa kwanza." Nikampa simu yangu. Akasoma.

"Huu umri si wako, bosi."

"Najua si wangu. Duniani uko sehemu moja tu."

Alitaka kucheka, nilimwona. Kisha akaelewa, akaiweka simu mezani taratibu, akajifuta viganja kwenye gauni. Nilitegemea atakataa, nilikuwa nimejiandaa na kelele zangu. Hakukataa.

"Ni mimi," alisema. "Ila halikuanza kama unavyofikiria."

Akanieleza. Jioni akitoka kazini alikuwa akicheza ile gemu ya risasi kwa simu yake, kwa jina la kuchezea la kiume, kimya, na alikuwa hodari. Siku moja alijisahau akaongea kwenye hedfoni. Wakasikia sauti ya mwanamke. Kuna mchezaji mmoja akaanza kumtukana, na si siku moja, kila akiingia. Angebadilisha jina, yule mtu angemtambua kwa uchezaji, angeanza upya. Akatukanwa yeye, wakatukanwa watu wa kusini, mwishowe akatukanwa mama yake.

"Mama yangu amefariki, bosi. Alikuwa anauza maandazi ili mimi nisome ufundi. Mtu anamtaja vile, wengine wanacheka masikioni mwangu."

"Kwa nini hukuacha kucheza?"

"Mbona hukumuuliza yeye kwa nini hakuacha kutukana?"

Akaendelea. Alijua mtu huyo yuko karibu, kwa sababu kati ya mechi na mechi aliongelea makontena yaliyochelewa, mvua iliyofunga njia ya Jangwani, bei za vitenge. Basi tulipoandikisha ligi, na kila mtu akaandika jina lake la kuchezea, lile jina likapita mikononi mwake. Lilikuwa la jirani wa vitenge. Dada yangu umeamkaje.

"Niliinakili orodha yote nikaenda nayo nyumbani," alisema. "Sikutaka hela. Alimtukana mama yangu, nikataka kujua wa kwake anaitwa nani."

"Na wengine je? Wamekukosea nini?"

"Mwanzoni hakuna. Lakini nilifungua akaunti zao moja moja nikasoma walivyokuwa wanaandikiana. Wale waliokuwa wanacheka, wengine wamo humu humu. Wananiagiza maji ya kunywa, 'dada fundi, dada fundi.' Nikajua mambo yao yote na wao hawajui kama najua. Nisikudanganye bosi, ilikuwa tamu. Nikiwa nimeinama chini ya meza naunga nyaya zao, najisikia mrefu."

Mnunuzi wa ile orodha alikuja baadaye. Mwanaume wa shati lililonyooshwa, aliyeleta simu kutengenezwa, akauliza kama ukumbi una orodha ya wachezaji, anataka kuwatumia matangazo ya gemu mpya. Fundi alimuuzia.

"Ulimwamini?"

"Nilijifanya namwamini. Nilitaka kupata kodi ya meza yangu mwenyewe, mbele, kwenye mwanga. Sikuingia nyumbani kwa mtu, bosi. Sikuvunja kufuli. Kila mtu bado ana jina lake, bado ana mama yake. Nilijiuliza, nimechukua nini? Mpaka nilipomwona yule wa mkokoteni amepanda hapa akashuka bila kucheza."

Hapo ndipo nilipaswa kumfokea. Sikumfokea, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Kabla ya ukumbi huu nilikuwa na mwavuli pale barabarani, nasajili laini za simu, kile kipindi kila laini ilitakiwa isajiliwe kwa alama za vidole. Mteja anaweka kidole, laini yake inasoma vizuri kabisa. Namwambia, "Mama, haijasoma, weka tena." Anaweka tena. Kidole kile cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina lake, ambayo yeye hataiona. Nyingi kati ya laini hizo niliwauzia watu waliozitaka bila kutaka kujulikana. Walizifanyia nini, sikuuliza. Wamama waliotoka Ilala kununua vitunguu, wazee wenye vidole vilivyosuguliwa na jembe, nikiwasaidia hata kufuta kidole kwa kitambaa changu safi. Walinishukuru. Nami nilijiambia maneno yaleyale: nimechukua nini? Kidole chake si anacho?

Ukumbi huu ninaojivunia ulianzia pale. Watu huwa nawaambia kuwa nilianza kwa kuuza soksi. Nilianza kwa soksi, ni kweli, ila soksi hazijengi ghorofa ya pili.

Kwa hiyo tulikaa pale wezi wawili, mmoja anajua wezi ni wangapi chumbani, mwingine hajui.

"Utawaambia?" aliniuliza.

"Jumamosi wameitisha mkutano, wanakuja wote. Wanataka kujua."

"Wakijua si wataniua?"

Sikumdanganya. Kariakoo neno mwizi likishuka ngazi halirudi juu. Nimewahi kuona likishuka. Polisi nako ni jela, makosa ya mtandao hayana mchezo. Nilimwambia, kama anataka kuondoka aondoke kabla ya Jumamosi, mimi nitajua la kusema. Nilidhani nimempa zawadi kubwa. Alisimama, akaenda kufungua mashine namba tisa iliyokuwa na tatizo la feni.

Jumamosi saa saba hakukuwa na aliyeshika pedi. Walijaa kwenye viti, wengine wamekaa madirishani, mama ntilie naye kaacha masufuria. Fundi alikuwa nyuma ya kaunta, mahali pake pa siku zote. Nikasimama. Mimi kuongea mbele za watu sijawahi kuogopa, isipokuwa siku ile.

"Ndugu zangu, majina yametoka hapa," nilisema. "Kwenye kompyuta yangu. Paswedi ya jina la mama ni akili yangu mimi, vitambulisho nilipiga picha mimi. Mwenye ngumi alete kwangu."

Wakaguna. Aliyesimama wa kwanza ni jirani wa vitenge, kanzu imepigwa pasi, sauti yake ileile ya upole.

"Mangi, tunakuheshimu, usitupige chenga. Wewe kompyuta huijui, sisi sote tunalijua hilo. Anayeigusa ni huyo fundi wako." Akamnyooshea kidole. "Tumuulize hapahapa. Na kama ni yeye tumalizane naye sisi, polisi watamkuta amebaki nini."

"Kweli kabisa!" mtu akadakia.

"Mshusheni chini!"

Viti vikaburuzwa. Nilikuwa na jina la kuchezea la yule bwana kwenye ulimi. Nilijua nikilitamka, nikisema ndiye anayetukana mama za watu kila jioni, ukumbi utamgeukia yeye. Na ningelitamka. Fundi alinitazama, akatikisa kichwa. Akapita mbele ya kaunta akasimama katikati yao.

"Ni mimi," alisema. "Nilichukua, nikauza. Bosi hakujua."

Nyuma walishaanza kupiga mluzi. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni yule wa mkokoteni. Aliposimama yeye wengine walisita, maana ni mkubwa, na kila mtu aliona kuwa haki ya kwanza ni yake.

"Wewe ndiye ulimlaza mama yangu hospitali?" alimuuliza.

"Sikupiga mimi ile simu. Lakini jina walilipata kwangu."

"Basi mpigie umwambie." Akatoa simu yake, ile ya vitufe, akabonyeza, akaweka sauti kubwa, akampa. Hata mimi sikuelewa anakusudia nini. Nadhani hata yeye alikuwa hajui.

Ikaita. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke mzee anayepiga kelele.

"Haloo! Sema kwa nguvu mwanangu, niko shambani!"

"Shikamoo mama. Si mwanao. Mimi ni mwanamke niliyeiba jina lako."

"Umeiba nini?"

"Jina lako, mama. Mwanao aliliandika huku, mimi nikalichukua, nikawauzia watu. Wakamdanganya unaumwa."

Tulisikia kuku huko Singida. Ukumbi mzima unasikiliza kuku.

"Mimi sijafa," alisema yule mama.

"Najua, mama. Naomba radhi."

"Jina langu ulilitakia nini? Mimi mtu wa kulima mtama."

"Nilikuwa namtafuta mama wa mtu mwingine. Mtoto wake alimtukana wangu. Nilitaka nijue jina la wa kwake, na mimi nimtukane."

"Ulimpata?"

"Nilimpata."

"Ukamtukana?"

Fundi alikuwa anatazama sakafu. "Sikuweza. Lina herufi nyingi, ni jina la kizamani, kama majina ya kwetu. Nilipoliona nilishindwa."

Nilimtazama jirani wa vitenge. Alikuwa amekaa. Hakuna aliyemwambia akae. Alikuwa anaipangusa kanzu magotini, sehemu ambayo haikuwa na vumbi.

"Sasa kama ulishindwa," yule mama alisema, "mbona langu ukaliuza?"

"Kwa tamaa, mama. Sina jibu lingine."

"Haya. Umesema la kweli moja. Hao wengine nao wana mama zao. Wapigie uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Mpe simu mwanangu." Yule wa mkokoteni akaichukua. "Wewe, umekula?" Watu walicheka, hawakutaka kucheka lakini walicheka, naye akaenda dirishani kujibu.

Wapo walioendelea kudai polisi, sitasema uongo kwamba mkutano uliisha kwa kukumbatiana. Wawili walimtemea maneno mazito njiani wakishuka. Lakini mwenye haki ya kwanza alikuwa amesimama dirishani anazungumzia mvua na mama yake, na bila yeye hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza. Wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na langu la kusema kwenye mkutano ule, la kidole cha pili. Nilinyamaza. Nilimwacha mwanamke mmoja asimame peke yake katikati ya wanaume thelathini. Nimejisifia mambo mengi maishani, lile nalisema hapa kwa sababu pale sikulisema.

Jumatatu fundi alikuja na orodha, akakaa kwenye kiti changu ofisini, akaanza kupiga simu. Kila mtu mmoja mmoja: jina lako nililiiba, badilisha paswedi leo, ukitajiwa mama yako na mtu usiyemjua kata simu, naomba radhi. Wengine walimtukana, akasubiri wamalize, akarudia kuhusu paswedi, maana ndilo la muhimu. Mmoja alimshukuru, akamuuliza kama anatengeneza na redio. Nilikaa naye siku zote tatu. Niliwaambia wateja nasimamia, kumbe nilikuwa najifunza namna ya kuomba radhi, kazi ambayo darasa la saba halikunipa na mtaa haukunipa. Majina yenyewe hayawezi kurudi, yako kwa wale watu mpaka leo na meseji bado zinaingia. Ligi ilikufa, mashine kumi zinakaa bila mtu. Wamama wa mwavuli sina orodha yao, sijui hata pa kuanzia kupiga.

Siku ya tatu alifika kwenye namba ya jirani wa vitenge. Aliishika simu muda mrefu. Tulikuwa tunasikia sauti yake chini dukani, anamhudumia mtu.

"Huyu nimpigie mimi?" nilimuuliza.

"Hapana, bosi."

Akapiga. Ile sauti ya chini ikakatika.

"Ni mimi fundi wa juu," alisema. "Jina lako na la mama yako niliyaiba, nikayauza pamoja na ya wengine. Badilisha paswedi leo. Naomba radhi." Akasikiliza. Akasikiliza sana. "Hapana, zaidi ya bosi sijamwambia mtu." Akasikiliza tena. "Nimekusikia." Akakata.

"Amesemaje?"

"Ameomba radhi na yeye."

"Umemsamehe?"

"Bado nafikiria, bosi," alisema, akaweka tiki pembeni ya jina, akabonyeza namba iliyofuata.